Kuacha Pombe Busunzu: Kichwa au Njia?

Ukisafiri kutoka Kasulu kwenda Kibondo kwa barabara kuu, unapita Busunzu, kata ya wakulima wa maharage, mahindi, muhogo na ndizi. Ndizi hizo hazipikwi sufuriani zote. Nyingine huivishwa, hukamuliwa, maji yake huchanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa, na baada ya siku moja au mbili ni pombe inayonywewa kwenye posa, kwenye msiba, kwenye kazi ya kualikana shambani, na kwenye jioni zisizo na sababu yoyote. Nyuma yake ipo gongo, ambayo sheria imeikataza miaka nenda rudi bila kuiadimisha.

Katika mazingira hayo mtu anaamua kuacha. Abadili namna anavyofikiri, au abadili njia anayopita jioni? Nimezigawia sauti nne hoja zinazosikika mtu anapotangaza kuwa ameacha: dereva wa bodaboda aliyeacha gongo, mama anayepika pombe ya ndizi, nesi, na mwinjilisti. Hakuna hata mmoja aliye mtu fulani wa kijiji fulani, kwa hiyo asiwepo atakayekwenda kuulizia. Mimi nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

DEREVA: Naanza mimi kwa sababu ndiye ninayesemwa. Watu hudhani kiu ya pombe iko kooni. Yangu ilikuwa saa kumi na moja jioni. Asubuhi napita mbele ya kilabu sigeuzi hata shingo. Jioni, mahali pale pale, nimeshusha abiria wa mwisho, mate yanajaa mdomoni kabla sijazima injini. Sasa mniambie, ile nia niliyoapa nayo asubuhi imekwenda wapi?

MWINJILISTI: Haikuwa nia, mwanangu, ilikuwa majivuno. Mtu akiapa kwa nguvu zake mwenyewe, jioni lazima imkute peke yake. Mimi nimeona walevi waliookoka siku moja na hawakurudi nyuma. Hawakuhesabu saa wala njia. Walibadilishwa moyo.

MAMA: Na mimi nimewaona hao hao, mzee wangu. Wengine walirudi kwangu baada ya mavuno, wanapitia nyuma ya nyumba ili usiwaone.

NESI: Kabla hamjafika kwenye moyo na kichwa, mniruhusu mwili kwanza. Kuna mtu ambaye asubuhi mikono inatetemeka, anatoka jasho, hawezi kushika kikombe cha chai mpaka azimue. Huyo msimshangilie akisema "leo naacha, basi". Mwili uliozoea pombe kila siku, ukinyimwa ghafla, unaweza kuleta degedege ndani ya siku 2 za mwanzo. Kati ya siku ya 2 na ya 4 wengine huweweseka, huona vitu visivyokuwepo, mapigo ya moyo yanakwenda mbio. Watu hufa hivyo. Na nyumbani watasema amerogwa, au pombe imemlipizia kisasi kwa kuiacha. Huyo aletwe hospitali. Kuna dawa za kumshusha taratibu, kuna vitamini B1 ya kuukinga ubongo wake. Mazoea mapya ya fikra tuyazungumze akishavuka hapo.

MWINJILISTI: Kwa hiyo maombi yasubiri?

NESI: Aombewe njiani akiletwa, mzee. Ila aletwe.

Hapa nimuunge mkono nesi, kwa sababu katika mijadala yetu kuhusu ulevi hatua hii ndiyo inayorukwa. Tunapenda habari za mtu aliyevunja chupa hadharani asiiguse tena. Hatuulizi alikuwa akinywa kiasi gani, wala nani alikaa naye usiku wa pili.

DEREVA: Mimi nilipelekwa hospitali ya wilaya, Kibondo. Nikalala, nikatoka, mwili mwepesi. Kazi ikaanza hapo. Kichwani nina wakili, na wakili huyo hashindwi kesi. Nikipata abiria wengi anasema: umefanya kazi, umestahili. Nisipopata hata mmoja: siku mbaya hii, jipoze. Mvua ikinyesha kuna baridi, jua likiwaka kuna kiu. Nikamgundua siku moja nimekaa pale kijiweni: kila sababu inaishia kilabuni, hata zile zinazopingana. Basi hizo si sababu. Ni mlango mmoja uliopakwa rangi nyingi.

MAMA: Maneno hayo umefundishwa, mwanangu.

DEREVA: Nimefundishwa, ndiyo. Na kunywa nilifundishwa pia, mama. Sikuzaliwa nikijua.

Alichokigundua dereva kijiweni ndicho kinachofundishwa katika vikao vya tiba ya fikra na tabia: mtu ajifunze kulisikia wazo linalompa ruhusa kabla halijafika miguuni, alitambue, alijibu. Wasomaji watasema hayo ni mambo ya Ulaya, ya watu wenye makochi ya kulalia wakizungumza. Mfano ninaoujua vizuri umetoka karibu. Eldoret, Kenya, Rebecca Papas na wenzake walichukua watu 75 wanaoishi na VVU ambao unywaji wao ulikuwa wa hatari, katika nchi ya busaa na chang'aa. Baadhi yao waliwekwa kwenye vikao 6 vya kikundi, kwa Kiswahili, vikiongozwa na watu wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo, wasio madaktari wala wanasaikolojia. Matokeo yakachapishwa mwaka 2011: katika ufuatiliaji wa siku ya 90, asilimia 69 ya waliopitia vikao walisema hawanywi, wakati kwa wale waliopata huduma ya kawaida ilikuwa asilimia 38. Walisema, na mlevi anayeulizwa na mtafiti anaweza kusema mengi. Lakini jaribio kubwa zaidi lililofuata, la watu 614, lililochapishwa mwaka 2021, nalo liliona vikao vinapunguza unywaji. Kwetu Moshi, katika idara ya dharura ya hospitali ya KCMC, kumekuwa na mpango unaoitwa Punguza Pombe kwa Afya Yako: majeruhi akishatibiwa, muuguzi anakaa naye kwa mazungumzo mafupi kuhusu unywaji wake, bila kumfokea. Huko Moshi wana pombe yao ya ndizi, mbege. Ndizi ni zile zile.

Kwa hiyo kichwa kinafundishika. Swali ni kama kinafundishika kikiwa kimekaa kwenye kiti kile kile cha kilabu.

MAMA: Ngoja nikuulize wewe uliyefundishwa. Hela zako jioni zinakwenda wapi?

DEREVA: Kabla ya saa kumi namtumia mke wangu kwenye simu. Nabaki na ya mafuta.

MAMA: Na makato anakata nani?

DEREVA: Mtandao wa simu. Ni rahisi kuliko gongo.

MAMA: Haya. Na jioni nani anakupigia simu kukuuliza uko wapi?

DEREVA: Mke wangu. Au kaka.

MAMA: Basi usiseme umejenga kichwa kipya. Umeazima kichwa cha mkeo. Yeye ndiye anayekumbuka saa kumi na moja, yeye ndiye anayeficha noti, na yeye ndiye anayeambiwa na mawifi kwamba amemkalia mume wake. Wanaume wakiacha pombe wanapigiwa makofi kanisani. Mke aliyekesha naye hatajwi.

Nilipoanza kuandika sikupanga kumpa mama huyu hoja kali kuliko zote, lakini hapo sina la kumjibu. Tunaposema "mazoea mapya ya fikra" tunadhani fikra ni mali ya mtu mmoja. Katika kaya za nyanda hizi kazi ya kufikiri imegawanywa kama kazi ya shamba, na sehemu kubwa yake hufanywa na asiyekunywa.

NESI: Mama amesema kweli, ila asiivunje nguvu kweli nyingine. Kumtumia mke hela kabla ya saa kumi ni uamuzi uliofanywa mapema, kichwa kikiwa kimetulia, kwa niaba ya kichwa cha jioni kisichotulia. Hilo ndilo zoea lenyewe. Kusema "nitajitahidi nisinywe" hakusaidii. Kinachosaidia ni "nikishusha abiria wa mwisho, nampigia kaka kabla sijazima injini." Tukio hili, kitendo hiki. Lisiachwe neno la kujadiliwa na yule wakili.

DEREVA: Na lazima liwe dogo. Nilijaribu makubwa, nikasema nitakuwa nasoma Biblia saa mbili kila jioni. Sikumaliza wiki.

MWINJILISTI: Ungeanza na zaburi moja.

DEREVA: Ndivyo ninavyofanya sasa, mzee.

Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, aliandika mwaka 1999 juu ya mipango ya aina hii, "tukio likitokea, nitafanya kitendo", na tangu hapo imepimwa kwa mambo mengi kuanzia kula matunda hadi kumeza dawa. Kuhusu muda, kuna watu wanaotangaza kwamba zoea hujengwa kwa siku 21. Phillippa Lally na wenzake wa London waliwafuatilia watu 96 wanaojifunza vitendo vidogo vya kila siku, kama kunywa maji wakati wa kula. Wastani ulikuwa siku 66, lakini kulikuwa na wa siku 18 na wa siku 254. Hayo ni maji. Gongo haikupimwa pale. Nikiwa mtu wa Busunzu ningeichukua ile 254 na kuiona ni ya mtu mwenye bahati. Jambo moja katika utafiti huo linafaa hata hivyo: aliyekosa siku moja hakurudi mwanzo. Zoea liliendelea kujengeka.

NESI: Kudhani umerudi mwanzo ndiko kunakowaua wengi. Hakunywa miezi, kisha msibani akabandikwa kikombe mkononi, akanywa. Anarudi nyumbani anajiambia: nimeshaanguka, mimi ni mlevi tu, nimalizie. Kikombe kimoja kinakuwa wiki nzima, na wiki hiyo imeletwa na lile neno alilojiambia.

MWINJILISTI: Hapo naogopa. Ukimwambia mtu kikombe kimoja si mwisho, umempa ruhusa ya kikombe kimoja.

NESI: Na ukimwambia ni mwisho, umempa ruhusa ya pipa.

Alan Marlatt wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, alijenga sehemu kubwa ya kazi yake juu ya ugomvi huu huu. Alitofautisha kuteleza na kurudi ulevini, na akaonya kwamba aibu ya baada ya kuteleza ndiyo inayosukuma chini. Alifundisha pia kuitazama kiu inavyopanda, inavyofika kileleni na inavyoshuka yenyewe bila kupewa chochote. Mwinjilisti hajaridhika, na sitamlazimisha. Anao upande wa watu ambao kikombe kimoja kwao hakijawahi kuwa kimoja.

MWINJILISTI: Mnataja wasomi wengi. Mimi nina historia pia. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ulivuka mipaka hadi Burundi, Uganda na Tanganyika. Watu walisimama mbele ya wenzao wakataja dhambi zao kwa majina, ulevi ukiwemo. Wakakutana kila wiki. Anayeyumba alifuatwa nyumbani kwake. Mnachokiita tiba ya kikundi sisi tuliita ushirika.

Na hadai makuu. Chama cha Walevi Wasiojulikana, kilichoanzia Akron, Ohio, mwaka 1935 kwa kukutana kwa Bill Wilson na daktari Bob Smith, kilizaliwa ndani ya Kundi la Oxford, harakati ya Kikristo ya kuungama na kushuhudia. Gahini na Akron walifikia utaratibu unaofanana katika miaka ile ile: useme mbele ya watu, urudi wiki ijayo, umsaidie aliye nyuma yako. Tofauti ni kwamba kule Ohio aliyeanguka hurudi na kuanza kuhesabu siku upya, wakati katika makanisa yetu mengi hutengwa kwanza. Ningependa mwinjilisti alijibu hilo.

MWINJILISTI: Tunamtenga ili ajue uzito wa jambo.

DEREVA: Mzee, mlevi anaujua uzito. Anachokosa ni mahali pa kukaa Jumapili.

MWINJILISTI: Hilo nitalipeleka kwa wazee wa kanisa. Sikuahidi jibu.

Sasa hoja ya njia. Mwaka 1971 serikali ya Marekani iliogopa wanajeshi wanaorudi kutoka Vietnam wakiwa watumwa wa heroini, na mtafiti Lee Robins akapewa kazi ya kuwafuatilia. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa amekuwa mraibu kule. Waliporudi nyumbani, waliorudia uraibu katika mwaka wa kwanza walikuwa wachache mno, asilimia 5 hivi. Hawakubadili vichwa kwa vikao. Waliondoka mahali penye harufu, marafiki na saa za heroini. Ndiyo maana nyumba za kupona, zile wanazoziita soba hausi, zilizoenea Zanzibar na Dar es Salaam, humtoa mtu mtaani kwake kwa miezi. Mraibu wa heroini wa Dar ana pia methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili Februari 2011. Mnywa gongo wa Busunzu hana ya kwake. Na mkulima hawezi kuhama Vietnam yake: shamba liko pale, migomba iko pale, na ile migomba ndiyo pombe.

DEREVA: Lakini njia zipo hata ndani ya kijiji. Sipiti kwenye kilabu jioni, nazungukia shuleni. Kazi ya kualikana nakwenda, ila naondoka jembe linapowekwa chini, kabla kibuyu hakijafika. Mwanzoni wenzangu walinuna. Msibani nimejifunza kuomba kazi: kupanga viti, kubeba maji, kuwachukua wageni barabarani kwa pikipiki. Mtu mwenye kazi habandikwi kikombe. Anayekaa tu ndiye anayejaziwa.

MWINJILISTI: Na kwenye posa, mzee wa ukoo akikupa mwenyewe?

DEREVA: Napokea kwa mikono miwili, nampitishia shemeji. Heshima imefika, pombe imefika, kwangu haikufika.

Hilo la mwisho ni gumu kuliko linavyosikika. Kukataa kikombe cha mzee ni kumkataa mzee, na kijana anayeanza kupona hana mtaji wa kugombana na ukoo mzima. Ingefaa zaidi wazee wenyewe watangaze kwamba kijana anaweza kupewa juisi ya ndizi ile ile, kabla haijatiwa mtama, na heshima ikahesabika. Ni tamu, watoto huinywa siku ya kukamua.

MAMA: Unaizungumzia juisi kama mtu asiyeiuza. Juisi ni ya siku hiyo tu. Kesho imeanza kuchacha upende usipende. Pombe inanisubiri mteja, juisi hainisubiri. Na hela ya pombe ndiyo sare za shule, ndiyo daftari. Mkitaka nimuuzie kijana juisi, mnitafutie friji na umeme usiokatika. Mwaka 2017 serikali ilipiga marufuku viroba vya pombe kali, ikasemwa vijana watapona. Wakaja kwangu.

NESI: Hakuna anayekulaumu, mama.

MAMA: Mnanilaumu kila Jumapili. Lakini mna jambo hamjaniuliza. Huyu dereva kazungukia shuleni, vizuri. Wale wanajeshi walipanda ndege, vizuri. Mimi nitazungukia wapi? Pipa liko jikoni kwangu. Mpishi haonji kwa jicho. Naonja asubuhi kujua kama imeiva, naonja mteja wa kwanza akija ili aone haina sumu, naonja jioni kwa sababu imebaki.

NESI: Asubuhi mikono yako iko vipi?

MAMA: Inatosha kukamua ndizi.

NESI: Nimekuuliza kabla ya kuonja.

MAMA: Kabla ya kuonja simmiminii mtu chai.

DEREVA: Mama, kumbe.

MAMA: Usiseme "kumbe" kwa sauti hiyo. Ulikuwa mteja wangu miaka yote na hukuona.

Kwa mama huyu hoja ya njia inakwama. Anachoweza kubadili ni nani anaonja, na saa ngapi, na hata hilo linahitaji mtu wa pili jikoni. Wanawake wanaokunywa kwa kupika ni wengi katika maeneo ya pombe za kienyeji, na ushauri wote uliotolewa hapa, wa kumtumia mke hela na kumpigia kaka, uliandikiwa mwanamume.

MWINJILISTI: Mama, kanisani kuna wamama wa umoja wao. Wanaweza kukusimamia.

MAMA: Hao nusu wananunua kwangu za harusi. Watanisimamia kwa lipi?

NESI: Uje Jumatatu na mtu wa kukusindikiza, na usiache ghafla kabla ya hapo, tafadhali. Binti yako mkubwa anajua kupima mtama?

MAMA: Kupima anajua. Kuonja sitaki ajue.

NESI: Basi mteja wa kwanza aonje mwenyewe.

MAMA: Mteja hanywi asichoona mpishi amekinywa. Ndivyo ilivyo huku.

DEREVA: Aliyeweka desturi hiyo alikuwa na hofu ya sumu. Siku hizi wateja wako wote unawajua. Watangazie kwamba kuanzia wiki ijayo anayeogopa akanunue kwingine.

MAMA: Na wakienda kwingine kweli?